Betri za Bububu na Wivu Wangu

Mtu akistaafu huanza kusifiwa hata kwa yale asiyostahiki. Juzi kijana mmoja wa ofisi yenu kanisimamisha Darajani, kaniamkia vizuri, kisha akaniambia, "Bi Zuhura, tumesikia wewe ndiye uliyegundua habari ya betri za Bububu." Nikamwitikia marahaba, nikaenda zangu kununua samaki. Nilipofika nyumbani Mpendae nilikaa kibarazani na yule samaki kwenye kikapu, sikuweza hata kumpaa magamba.

Basi nakuandikieni, vijana wa ofisi. Ni kweli niligundua mimi. Lakini kugundua ni nusu ya kazi yetu, na nusu ya pili niliifanya vibaya, na sababu yake ni wivu. Someni yote, msisome ile nusu nzuri tu.

Kazi yenyewe mnaijua, ingawa nyinyi mna mashine na sisi tulikuwa na mikono. Tulikuwa tunapima chombo cha nyumbani kinaifanyia nini nchi: kinakula umeme kiasi gani, kinatoa nini hewani, na kikifa kinazikwa wapi. Nilipoanza, katikati ya miaka ya themanini, vitu vilikuwa vinaingia bandarini kwa wingi baada ya miaka mingi ya kukosa kila kitu. Televisheni zilizokwisha tumika, mafriji yenye kutu miguuni, pasi, mafeni. Watu walikuwa na hamu, na ilikuwa haki yao. Mtu aliyekunywa maji ya mtungi umri wake wote humwelezi habari ya gesi ya friji. Yeye anataka barafu.

Aliyenifundisha ni Fundi Kombo, mtu mfupi, kofia ya viua kichwani, aliyekuwa akitengeneza redio Darajani kabla ofisi haijamwajiri. Hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa na kiganja. Siku yangu ya kwanza alinipeleka mbele ya televisheni.

"Izime."

"Nshaizima, Fundi."

"Haya, weka mkono hapa nyuma. Baridi?"

"Vuguvugu."

"Basi hujaizima, mwanangu. Umeinyamazisha tu."

Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu mkono wangu hupapasa migongo ya vyombo. Wenyeji hudhani natafuta vumbi.

Kipimo chetu kikubwa kilikuwa kisahani cha mita, kile chembamba chenye alama nyekundu kinachozunguka umeme ukitumika. Unazima vyombo vyote kwa vitufe vyake, unasimama mbele ya mita, unahesabu mizunguko. Ukipepesa macho umepotea. Fundi Kombo alikuwa akihesabu kwa tasbihi, mzunguko mmoja punje moja, midomo ikicheza. Bibi mmoja wa mtaa wa Malindi alidhani anaiombea nyumba dua, akatuletea chetezo na ubani. Fundi hakumkatisha tamaa. Alimaliza kuhesabu, akainua mikono, akamwombea kweli.

Kosa langu la kwanza nililifanya nyumba ya jirani wa bibi huyo. Nilizima kila kitu na kisahani kikaendelea kuzunguka kama pia. Nyumba ilikuwa na chombo kimoja tu cha kigeni, televisheni. Nikaandika kwamba televisheni za aina ile, hata zikizimwa, hula umeme kama pasi. Mkurugenzi wetu, Bwana Suleiman, alikuwa anakaribia kupeleka barua bandarini zizuiwe. Fundi Kombo akasema ngoja kwanza. Akaenda, akaichomoa televisheni ukutani kabisa. Kisahani kinazunguka. Akaufuata waya mwingine uliopita nyuma ya kabati, ukaingia kwenye tundu la ukuta, ukatokea nyumba ya pili. Mnajua kuta za Mji Mkongwe, nyumba zimeegemeana kama wagonjwa. Huko ng'ambo kulikuwa na mshoni wa kanzu na pasi yake ya umeme.

"Alaa!" Fundi alimwambia mwenye televisheni. "Kumbe televisheni yako inapiga watu pasi!"

Ofisi nzima ilicheka wiki mbili. Mimi nilijifunza kuchomoa kimoja kimoja, na kutoandika chombo kinafanya nini mpaka nijue waya unakwenda wapi. Lakini nilijifunza na jambo jingine ambalo sikulijua siku ile: kwamba siwezi kuchekwa. Nilikuwa nacheka nao mchana, na usiku naihesabu upya mita ile kichwani.

Miaka ikaenda. Nikawa mimi ndiye mwenye kiganja. Fundi Kombo alizeeka, macho yakaingia ukungu, akawa anakuja ofisini kunywa kahawa tu na kusikiliza. Wageni wakija na swali la friji au betri, Bwana Suleiman husema, "Muiteni Zuhura." Nilikuwa nikiipenda sauti ile kuliko mshahara.

Kisha akaja Rukia.

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na kidogo. Amesoma nje, amerudi, na hakurudi na maringo. Angerudi na maringo ningemchukia kwa raha. Alikuwa na heshima, ananiamkia kila asubuhi, ananiita Dada Zuhura. Akicheka, mlango wa pili wanacheka bila kujua kwa nini. Aliijua kompyuta kama mimi ninavyoijua mbuzi ya nazi. Jambo nililolihesabu siku tatu kwa penseli yeye alilimaliza kabla maji ya chai hayajachemka, kisha akasema, "Nimefuata njia yako tu, Dada."

Nilianza kuhesabu mambo. Bwana Suleiman alisema "Muiteni Rukia" mara ngapi wiki hii. Nani kaletewa kiti. Mume wangu alimwona mara moja tu, kwenye arusi, akasema njiani, "Yule mwenzio msichana mwenye akili." Nikamuuliza, mimi je? Akasema, "Wewe mke wangu." Akadhani amejibu.

Lakini kilichonichoma hasa ni Fundi Kombo. Siku moja Rukia alimkalisha mbele ya kompyuta akamweleza chombo chake kipya cha kupimia, unakichomeka ukutani kinakuhesabia chenyewe umeme. Fundi hakuweza kuona tarakimu, Rukia akamsomea. Mzee akatabasamu, akatoa tasbihi mfukoni, ile ile aliyohesabia mita, akamtilia mkononi. "Chukua wewe, mwanangu. Umenipumzisha."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na faili. Miaka karibu ishirini nilikuwa nimeitarajia tasbihi ile, na sikuwa nimejua kama ninaitarajia. Nikageuka, nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili watu wasinisikie.

Sasa nije kwenye visanduku.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili intaneti ilianza kutoka kwenye vibanda vya mjini ikaingia majumbani. Kulikuja mradi uliotaka kuzitilia nyumba kompyuta na kisanduku cha kuiunganisha na intaneti. Kwa sababu umeme wetu ulikuwa ukikatika kama uzi mbovu, kila nyumba ilipewa pia kisanduku cha pili, kizito, cha kuhifadhi umeme, tulichokuwa tukikiita yupiesi. Ndani yake mna betri, ndugu mdogo wa betri ya gari. Kabla vyombo havijaruhusiwa kuingia kwa wingi, ofisi yetu ilitakiwa ipime athari zake. Tukapewa nyumba kumi na mbili za majaribio, mjini, Mpendae na Bububu, zilizokuwa zikitumia vyombo kama hivyo kwa miaka miwili.

Kazi ile aliongoza Rukia. Mimi nikawekwa chini yake, kutembelea nyumba.

Bwana Suleiman aliniita mwenyewe kunambia. Alikuwa mtu wa Malindi, mstaarabu, anaitamka kila herufi ya Kiarabu mahali pake. "Bi Zuhura, wewe ndiye msingi. Rukia ni paa tu." Nikasema naam. Moyoni nikasema, hakuna anayeisifu nyumba kwa msingi.

Basi nikazunguka. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa Bububu, ya mwalimu mmoja mkuu. Nilipapasa visanduku vyake, nikapima, nikaandika. Kisha nikauliza swali ambalo kwenye fomu ya Rukia halikuwamo, maana ni swali la Fundi Kombo: kilichokufa kiko wapi?

"Betri ya zamani?" mwalimu alisema. "Anachukua Mwanajuma, nyumba ya nyuma hapo. Anachukua za mtaa mzima, na za gari pia. Anayeyusha chubwi."

Chubwi ni kile kipande cha madini ya risasi kinachozamisha mshipi wa mvuvi. Nikazunguka nyuma. Nilimkuta msichana wa miaka ishirini na kidogo, amechutama jikoni mbele ya jiko la mkaa, na juu yake sufuria kuukuu. Ndani ya sufuria risasi iliyotolewa kwenye betri ilikuwa imeyeyuka, inang'aa kama mbalamwezi. Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kisimani, maganda ya betri yalikuwa yamelundikana, na majani yote ya pale yameungua kwa maji ya betri.

"Karibu, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Mwenyewe unayeyusha?"

"Mwenyewe. Mume wangu mvuvi, yuko Makunduchi. Wenziwe wote wanatumia chubwi zangu." Alisema hivyo kwa fahari, akajipangusa mikono kwenye kanga, akasimama kunipa kiti. Ndipo nikaliona tumbo. Miezi mitano, labda sita.

Niliyajua yote Fundi Kombo aliyonifundisha kuhusu risasi. Moshi wake unaingia kifuani, vumbi lake linakaa kwenye kanga, kwenye kucha, kwenye sahani ya wali, na mtoto aliye tumboni hana pa kukimbilia. Kinywa changu kilikuwa kimekwisha funguka. Na pale pale, nakwambieni kweli ya Mungu, nikaiona ripoti ya Rukia. Nilikuwa nimeisoma rasimu yake. Mahali pa betri aliandika kwamba zikifa hurudishwa dukani. Muuzaji ndivyo alivyomwambia, naye hakuuliza zaidi.

Nikamwona kwa mawazo amesimama mbele ya wageni wa mradi anaisoma sentensi ile, na mimi nainuka.

Nikafunga daftari. "Fungua dirisha, mwanangu," nikamwambia Mwanajuma. "Moshi huu si mzuri."

"Ahsante, Bi. Ntafungua."

Ndiyo hayo tu niliyomwambia. Nikatoka. Kwenye gari nikaandika daftarini yote niliyoyaona, vizuri, pamoja na tarehe, maana mazoea ya kazi hayajui wivu.

Wiki mbili zilibaki kabla ya mkutano wa kuisoma ripoti ile. Nilijiambia wiki mbili si kitu, kwani si amekuwa akiyeyusha miaka? Nilijiambia nikisema ukumbini watasikia wakubwa, itafanyika hatua, nikimwambia Rukia itakuwa mstari mmoja ndani ya ripoti ya mtu mwingine. Wivu una hoja nzuri sana. Hauji na uso wake, unakuja umevaa joho la haki.

Siku nne kabla ya mkutano Rukia alikuja mezani pangu na rasimu. Alikuwa amechoka, wanja umemtoka. "Dada Zuhura, wewe ndiye unayezijua nyumba. Kuna lolote nililoliacha?"

Nikazipekua karatasi. Nikarekebisha jina la mtaa mmoja lililokosewa. "Hakuna," nikasema.

"Mungu akuweke," akasema. Akaniachia na vitumbua viwili kwenye karatasi. Nilivila, msinifikirie vibaya zaidi ya inavyostahiki. Nilivila na vilikuwa vitamu.

Mkutano ulikuwa alasiri, kwenye ukumbi wa juu, mapangaboi yanazungusha joto lile lile. Wageni wa mradi walikuwapo, wakubwa wa serikali wawili watatu, Bwana Suleiman mbele. Rukia alisoma vizuri. Alieleza jinsi kisanduku cha intaneti kisivyolala, kinavyokula kidogo kidogo usiku na mchana hata watu wakiwa wamesafiri, na kwamba vingi kwa pamoja vitaitaka mitambo ya umeme zaidi. Mengine katika hayo nilimpa mimi, na alinitaja. Alinitaja kwa jina! Hata hilo halikunizuia.

Alipofika kwenye sentensi ya betri, nikainua mkono.

Nilisimama, nikaeleza Bububu, sufuria, maji ya betri, kisima, mama mja mzito. Nilieleza kwa ufasaha, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi jikoni kwangu. Mgeni mmoja akaacha kuandika. Bwana Suleiman akageuza kiti kizima kunitazama, na nikahisi utamu ambao sijauhisi tena maishani.

Rukia hakunitazama kama mtu aliyeumbuliwa. Alinitazama kama mtu aliyesikia kelele za moto.

"Bado anayeyusha?" akauliza.

"Nadhani," nikasema.

Akakunja karatasi zake. "Bwana Mkurugenzi, niwie radhi. Ripoti hii haijakamilika, na nnaomba ruhusa ya gari. Dada Zuhura, twende."

Ushindi wangu ulidumu kiasi cha kushuka ngazi zile.

Njiani aliniomba daftari ili aandike mahali pa nyumba kwa watu wa afya. Nikampa, na nilipompa tu nikakumbuka. Nilimwona kidole chake kinapita ukurasani, kikasimama juu. Pale penye tarehe. Gari ilikuwa imefika kwenye miembe ya barabara ya Bububu, dereva anapiga mluzi. Rukia akasoma mpaka mwisho, akalifunga, akaliweka mapajani mwangu.

"Tarehe nimeiona," alisema kwa sauti ndogo, dereva asisikie. "Mimi sitaisema. Utaisema mwenyewe, ukiweza."

Hata kwa wema alinizidi. Na nikuambieni jambo la kuaibisha: hata pale, kabla ya majuto, kilichotangulia kifuani kilikuwa wivu.

Nyumba ya Mwanajuma ilikuwa imefungwa. Jiko la mkaa lilikuwa limetolewa uani, limejaa majivu, na sufuria imepinduliwa. Mke wa mwalimu akatoka akatwambia: amepelekwa hospitali siku tatu nyuma, tumbo limemkaza, hana nguvu za miguu, na juzi mimba imetoka. Alikuwa mtoto wa kike.

Tukaenda hospitali moja kwa moja. Daktari alimwambia Rukia kwamba risasi imo mwilini mwake, nyingi, na imekuwamo muda mrefu. Rukia akauliza kama wiki mbili zingebadilisha kitu. Alikuwa ananiulizia mimi. Daktari akasema, "Huenda. Huenda zisingebadilisha. Siwezi kusema." Nimekaa na jibu lile kwa karibu kuliko nilivyokaa na mume wangu.

Nilimwambia Bwana Suleiman siku ya pili asubuhi. Sikumwambia kwa ushujaa. Nilimwambia kwa sababu nilikuwa nikimwona Rukia akipita koridoni bila kunitazama. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakupaza sauti. Aliniondoa kazi za nje mwaka mzima, akaniweka chumba cha mafaili. Waliouliza aliwaambia nimeomba mwenyewe kupumzika.

Kwa Mwanajuma nilikwenda baada ya arubaini. Alikuwa kwa mama yake, amekaa mkekani, mwembamba, mikono juu ya mapaja kama mtu aliyesahau mikono hufanya nini. Mama yake alituachia nafasi. Nikamweleza kila kitu: kwamba nilijua siku ile ile, kwamba sikumwambia, na kwa nini. Nilipofika kwenye "kwa nini" niliutazama mkeka, maana sababu yenyewe ilikuwa ndogo mno mbele yake. Nilimwonea wivu mtu kazini. Ndiyo sababu yote hiyo.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniambia nifungue dirisha," akasema.

"Ndiyo."

"Nilifungua. Kila siku kabla ya kuwasha jiko nafungua dirisha kwanza. Nikimwambia mume wangu, kuna Bi wa serikali kaja kanifundisha, sasa hakuna dhara." Akaviangalia viganja vyake. "Nilizidisha kuyeyusha, Bi Zuhura. Kwa kuwa dirisha li wazi."

Nilikuwa nikidhani nimemkosea kwa kunyamaza. Kumbe ningenyamaza kabisa ingekuwa afadhali. Nusu ya onyo ilimtia imani.

"Ungeniambia yote, mwanangu angeishi?"

"Sijui."

"Basi na mimi sijui nikujibu nini. Nenda, Bi. Sikufukuzi, lakini nenda."

Nilikwenda. Nilirudi mwezi uliofuata na uliofuata, mara nyingine akanipokea, mara nyingine akasema yumo chumbani analala. Ilipita miaka mitatu kabla hajanipikia chai. Alipata watoto wawili baadaye, mume wake akarudi Bububu akaacha bahari, na yeye akajifunza cherehani. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wawili wanaojua jambo moja.

Mengine mnayajua kwa sababu ndiyo taratibu mnazozifuata. Kile kibanda cha betri mbovu nyuma ya ofisi, Rukia alikipigania. Yule mkaguzi anayekwenda nyumba kwa nyumba kuuliza kilichokufa kiko wapi, swali lake lilitiwa kwenye fomu baada ya Bububu. Udongo wa pale ulichimbwa, kisima kikafungwa, mwalimu mkuu akalalamika maji mbali. Nami nilipotoka chumba cha mafaili nilirudi nyumbani kwa watu na kiganja changu, chini ya Rukia, na baadaye Rukia alipokuwa mkurugenzi, chini yake zaidi. Wivu haukufa. Sitaki kukudanganyeni kwamba ulikufa. Nilijifunza tu kuutambua ukija, kama mtu mwenye pumu anavyolitambua vumbi, na siku ulipokuja ndiyo siku niliyosema kila nilichokijua, haraka, kabla haujaniletea hoja zake.

Nikupeni na vidogo vidogo vya kazi, msije mkasema Bi Zuhura katuandikia msiba mtupu. Kisanduku chochote chenye taa ndogo inayowaka kinakula, msiwasikilize wauzaji. Mwulizeni mwenye nyumba asubuhi, si jioni; jioni kila mtu amechoka atakuambieni "ipo ipo tu." Ukitaka kujua chombo kitaishi muda gani usimuulize aliyekiuza, muulize anayekitengeneza. Chombo cha kupimia kikikupa jibu zuri sana, chomoa, pima tena. Na ukimwonya mtu, mwonye mpaka mwisho, akukasirikie ukiwa hapo hapo. Ukiona aibu kubaki, usianze.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Rukia aliniita ofisini kwake tunywe chai. Alikuwa na mvi kidogo mbele, zinamkaa vizuri, kama kila kitu. Mezani palikuwa na karatasi za Ilham, yule binti mpya ambaye nyote mnamjua sasa, aliyekuwa ndio kwanza ana miezi sita ofisini. Ilham alikuwa ameandika jambo ambalo sisi wote tulilikosa: kwamba tulipima kisanduku cha nyumbani tu, na kila mtu akifungua ukurasa wa intaneti kuna mashine kubwa mbali huko, nchi nyingine, zinazokula umeme kwa ajili yake. Sisi miaka yote tulikuwa tumeipima ncha ya mkia, hatukumwona ng'ombe.

"Kazi nzuri," nikasema.

"Nzuri sana." Rukia alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Wamenipigia kutoka wizarani. Wanamtaka aisome ripoti yeye mwenyewe, keshokutwa. Hawakuniuliza mimi. Wamesema, mlete yule binti."

Nikamtazama.

"Jedwali la tatu amekosea," akaendelea, akitabasamu nusu. "Amezidisha mara mbili mahali pamoja. Hajaliona. Nikafikiri nimwache tu, atajifunza. Sisi si tulijifunza kwa kuchekwa, Dada?"

Miaka yote nilikuwa nimedhani uso ule ni wangu peke yangu. Sikuwahi kuuona kwa nje. Mdomo umejikaza upande mmoja, jicho linakwepa, na juu yake kicheko kidogo cha mtu mwenye hoja. Alikuwa Rukia, aliyenishinda kwa kila kitu, na alikuwa mimi.

Nikaweka kikombe chini. "Inuka."

"Niende wapi?"

"Kwa Ilham. Kamwambie."

"Namaliza chai, ntakwenda."

"Iache ipoe, Rukia. Inuka sasa hivi."

Akanitazama, kicheko kikamtoka usoni, ukabaki uso mtupu wa mwanamke mzima aliyechoka. Kisha akakusanya zile karatasi, akasukuma kiti, akatoka. Nilimsikia viatu vyake koridoni, vinakwenda, vinasita, vinakwenda tena. Halafu nikasikia sauti yake, kubwa, kama anaogopa isipotoka sasa haitatoka:

"Ilham!"

"Naam!" binti akaitika.